Mwezi wa Siku ya Bhai Phonta

Nyumba ya Ghosal,
Njia ya Hekalu,
Chetla, Kolkata.

11 Julai 1996

Mpendwa Shangazi Hemnalini,

Shikamoo. Nakushika miguu kutoka huku mbali, na magoti yako nayaulizia kabla ya kitu kingine chochote, maana mvua za huku zimeanza na nadhani za Jabalpur nazo hazijachelewa. Lile jicho lililopasuliwa limepona? Mwanao Debu alituandikia kwamba sasa unasoma gazeti mwenyewe na kugombana nalo. Nikasema basi, Shangazi amerudi.

Sisi hatujambo. Ukuta wa ngazi umelowa tena, rangi inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Shomik anasema ataupaka baada ya sikukuu ya Puja, kama alivyosema mwaka jana. Samaki wa ilish wameingia sokoni, wanono kweli. Mrehani wako wa darini bado upo, naumwagilia kila asubuhi nikishaoga, na hakuna mwingine ninayemruhusu kuugusa.

Nimekaa kukuandikia kwa sababu kuna jambo linanisokota roho na hapa nyumbani sina wa kumwambia. Unajua sina kawaida ya kulalamika. Mambo yangu huyaandika kwenye shajara, tarehe juu, nikafunga nikalala. Safari hii shajara haitoshi, kwa kuwa haijibu.

Linamhusu mdogo wangu, Kajori.

Gazeti la vijana limempa tena kurasa za kati za toleo la Puja, na yuko mwishoni mwa riwaya. Watoto wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, wanaingoja kuliko nguo mpya za sikukuu. Anaandika vilevile ulivyomwacha: kifudifudi kitandani, mto chini ya kifua, miguu hewani, kama mtoto anayesubiri kuitwa kula. Wino wa bluu tu. Mweusi anasema ni wa mahakamani. Huanza na sura ya mwisho, na akishajua mwovu ni nani ndipo anarudi nyuma kumtafutia pa kujificha. Mtu akipiga mluzi uani, siku hiyo imeharibika. Akimaliza sura anataka bisi za mchele zilizokorogwa na mafuta ya haradali na pilipili mbichi mbili, si moja, pamoja na chai ya rangi yenye chumvi nyeusi. Wabaya wake huwapa majina ya watu waliomuudhi. Muuza samaki mmoja wa Gariahat amekwisha fungwa jela mara mbili na mwenyewe hana habari. Anaua watu kwa kalamu bila kupepesa jicho, lakini mjusi akitokea ukutani ananiita mimi.

Haya yote nayajua kwa sababu mimi ndiye ninayepeleka hizo bisi na kuwafukuza hao mijusi.

Mwezi uliopita gazeti lilimhoji. Ukurasa mzima, na picha, amevaa sari yangu ya kijani. Wamemuuliza mambo anayoyapenda. Kinywaji gani? Akajibu, kahawa nyeusi. Shangazi, kahawa humletea kiungulia, akalala amekaa. Unaandikia wapi? Dirishani, nikitazama mvua. Dirisha lile halijafunguliwa tangu Baba alipolipigilia misumari. Hayo nilicheka tu. Kisha wakamuuliza nani huisikia kazi yake kwanza. Akajibu: Torsha, mke wa kaka yangu.

Jibu hilo nililisoma nimesimama. Halafu nikakaa, nikalisoma tena.

Wewe ulikuwepo desturi yetu ilipoanza, Kajori akiwa darasa la tisa. Baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa wamelala, tunapanda kitanda cha Mama, yeye anasoma kwa sauti, mimi nachambua dengu kwenye sinia. Sharti letu unalijua: nikimtaja mhalifu kabla ya sura ya mwisho, ni lazima ambadilishe. Nikishindwa, anabaki. Hajabaki hata mmoja. Kuna yule daktari wa meno ambaye alikuwa muuaji mpaka saa tisa alasiri, nikamtaja, kesho yake akaamka mtu mwema na dada yake ndiye akapelekwa jela. Kajori alinuna siku nzima, lakini alikiri kuwa dada mtu alifaa zaidi.

Yeye alikwenda chuo, mimi nilimaliza shule nikabaki na Mama na masufuria. Sikulalamika. Vitabu vilikuwa vyake. Alasiri zile zilikuwa zangu.

Sasa kuna Torsha. Ni mtoto mzuri, na hilo ndilo tatizo, maana ningekuwa na la kumsema ningekwisha lisema. Shomik alipomwoa akamleta mwezi wa Februari nilimpokea kwa mikono miwili. Amekulia Bombay, kwenye gorofa, mtoto wa pekee, hana kaka wala dada, samaki mwenye miiba humla kwa kumwogopa. Hucheka kabla kichekesho hakijaisha. Kajori humtazama akicheka na uso wote unamng'aa. Kipya kinyemi, Shangazi, hata kiwe kidonda.

Siku usomaji ulipoanza, nilinawa mikono, nikachukua sinia langu, nikaenda. Mlango umefungwa.

"Nani?" akauliza Kajori.

"Mimi. Nani mwingine huja na dengu?"

"Dada, mwaka huu pumzika. Torsha anasikiliza."

"Nilikwambia lini nimechoka?"

"Sijasema umechoka. Nimesema pumzika."

Nikamsikia Torsha akisema taratibu, "Mwache wifi aingie jamani," na Kajori akamwambia anyamaze. Sikujua nifanye nini na lile sinia. Nikarudi nalo jikoni, na zile dengu nilikuwa nimekwisha zichambua asubuhi.

Jiko, unakumbuka, limepakana na chumba kile, na ukuta ule haujawahi kutunza siri. Sikuwa natega sikio. Nilikuwa nasaga haradali. Lakini Kajori alisoma kama mtu anayenadi vitunguu. Hivyo kila alasiri nilikuwa na kazi ya kusaga, na nyumba nzima imekula haradali mpaka Shomik akauliza mezani:

"Dada, hii umeisaga au umeipiga?"

"Kula."

"Nakula. Naogopa tu isije ikalipiza."

Kisa chenyewe kinatokea kwenye bweni la shule ya wavulana huko vilimani. Mtoto mmoja amepotea. Mlinzi wa geti, mzee mwenye kovu shavuni, anashukiwa, na kila mtu anataka awe yeye. Kisha mwalimu wa kuchora anatoa ushahidi mbele ya mkuu wa shule. Anasema ilikuwa usiku wa Bhai Phonta, saa nne, watoto wamelala, mwezi unawaka juu ya kisima, naye akamwona mlinzi akiburuta gunia, akaliona hata lile kovu.

Jiwe likanisimama mkononi.

Shangazi, ni wewe uliyenifundisha mwezi, pale darini, ulipokuwa ukihesabu siku zako za kufunga. Usiku wa ibada ya Kali ni giza tupu. Siku mbili baadaye ndiyo Bhai Phonta, sisi dada zake tunapompaka Shomik sandali kwenye paji la uso na kumwombea maisha marefu, na siku hiyo mwezi ni ukucha tu. Unazama wali haujaiva. Saa nne ya usiku huo hakuna mwezi. Kuna nyota na mbwa.

Nikangoja Torsha aseme. Akasema, "Maskini yule mlinzi." Basi. Mtu asiye na kaka atajuaje Bhai Phonta ina mwezi gani? Kajori naye akaendelea kusoma, na kosa likapita mbele yao wote wawili kama mwizi aliyevaa vizuri.

Mimi ningelikamata papo hapo. Ningeweka sinia chini, nikasema, "Kajori, rudi nyuma." Lakini nimeambiwa nipumzike, na sasa napumzika. Nimeamua kunyamaza. Acha lichapishwe. Toleo la Puja linafika kila nyumba, kila nyumba ina shangazi au bibi anayefunga kwa kufuata mwezi, na kila mtoto anajua bei ya kadi ya posta. Acha wamwandikie. Wakishamwandikia, aende kumuuliza msikilizaji wake wa kwanza ilikuwaje.

Utaniona mbaya. Nione tu. Lakini niambie kama sina haki.

Jana tulikula ilish. Tangu utoto mimi ndiye humtolea Kajori miiba kwenye kipande cha tumbo, unajua hupenda tumbo na huchukia kazi yake. Jana nilimsogezea sahani ilivyo. Torsha nilimpa mkia. Kajori alichokoa miiba mwenyewe, polepole, kisha akaniuliza:

"Dada, kuna kitu unataka kuniambia?"

"Ilish ana miiba. Angalia."

Akarudi kwenye sahani yake.

Sura ya mwisho wameisoma leo kwa kunong'ona. Sikusikia hata neno. Kesho mtu wa gazeti anakuja kuchukua karatasi, na baada ya hapo hakuna wa kusahihisha. Nimeandika mengi, mkono umechoka, na moshi wa jiko unaniita. Barua naiacha wazi mpaka kesho ipite.

14 Julai

Shangazi, naendelea. Barua sikuipeleka posta, na sasa nafurahi, maana ungepata nusu ya jambo.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Bwana Nirmalya wa gazeti alifika na suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi. Ni mtu mwembamba anayeomba radhi kwa kila kitu, hata kwa mvua. Nikamkaangia bilinganyi lililochovywa kwenye unga, nikampa chai, naye akakaa barazani akipitia kurasa za mwisho, akitikisa kichwa na kusema, "Ah. Ah." Torsha alisimama mlangoni akikunja na kukunjua ncha ya sari. Kajori alijifanya anatafuta kitu kwenye kabati.

Akamaliza. Akazifunga karatasi kwenye nailoni, akazitia mkobani, akaufunga mkoba. Kajori akaniambia, "Dada, mpatie mwavuli, wake umevunjika."

Nilisimama na mwavuli wa Baba mkononi na sikumpa.

Sitaki unidhanie wema nisiokuwa nao. Haikuwa huruma. Niliziwaza zile kadi za watoto zikifika, na bibi wa mtu huko Burdwan ameliona kosa, na Kajori anamwandikia asante. Kosa lile nililiona mimi, nikiwa na haradali mpaka viwikoni. Lilikuwa langu. Sikuweza kumwachia bibi wa Burdwan.

"Hakuna mwezi," nikasema.

Bwana Nirmalya akatazama nje. "Samahani, ni mchana."

"Kwenye kitabu. Bhai Phonta, saa nne usiku. Mwalimu wa kuchora anasema mwezi unawaka. Mwezi ulizama mapema jioni. Fungua mkoba huo, Bwana, mtachekwa Bengali nzima."

Hakuna aliyefungua mkoba. Torsha alijifunika mdomo kwa sari. Kajori aliegemea kabati, na taratibu akakaa chini sakafuni, kama mtu aliyetua mzigo.

"Mpaka Ijumaa, Dada," akasema. "Mpaka mtu amevaa mkoba. Nilidhani hutasema kabisa."

"Ulijua?"

"Mimi niliyekuwa darini na wewe kwa Shangazi? Haya, umeuona mwezi. Sasa niambie, nani alimficha mtoto?"

"Nakwambia kuna kosa, unaniuliza mtoto."

"Si kosa. Nani?"

Bwana Nirmalya akakohoa na kutazama viatu vyake. Ndipo nikaona, Shangazi. Niliona kama mtu anayeona mlango ndani ya ukuta aliokuwa akiupaka chokaa. Mwalimu wa kuchora. Alisema aliona kovu kwenye mwanga usiokuwepo, basi hakuona, basi alidanganya, basi ni yeye. Mtoto wa darasa la tatu angejumlisha. Mimi ambaye sijawahi kukosa, mimi niliyemtoa daktari wa meno kwenye nafasi yake, nilikuwa na ufunguo mkononi na sikuujaribu kwenye kufuli, kwa kuwa nilitaka mno liwe kosa.

"Mwalimu," nikasema.

"Umechelewa. Sura ya mwisho imeshasomwa. Anabaki." Akapiga kofi sakafuni. "Bwana Nirmalya, shahidi wewe. Wa kwanza kubaki."

"Hongera," akasema Bwana Nirmalya. "Samahani, Dada."

Nilimwambia Kajori kuwa kunifungia mlango si haki. Ungenisomea kama kawaida, nikamwambia, tungeona nani mshindi.

"Ningekusomea, ungenitazama usoni," akasema. "Nikifika kwenye mwongo, pua yangu hucheza, ulishaniambia mwenyewe. Nilihitaji usikie bila kuniona. Unadhani kwa nini nilikuwa napiga kelele vile? Torsha si kiziwi."

Torsha, ambaye wiki nzima sikumtazama vizuri, akasema bila kucheka, "Mimi nilikuwa mto wa kuegemea tu, wifi. Kila nikisema kitu ananiambia ngoja, nasikiliza kama jiwe la jikoni limesimama."

Nilitaka kufurahi, na kwa kiasi nilifurahi. Yaani kitabu kizima kilisomwa kwa ajili yangu, kupitia ukutani. Lakini roho ya mtu haigeuki kama chapati. Nilikumbuka kuwa siku zote hizo wao wawili walijua na mimi sikujua, kwamba Torsha aliisikia sura ya mwisho kwa kunong'onezwa na mimi sikuisikia. Nikauliza na la gazeti.

"Na lile jibu, kwamba ni Torsha wa kwanza?"

"Sehemu ya mtego."

"Na kahawa nyeusi nayo mtego?"

Hapo akainuka sakafuni, akaniondolea mwavuli mkononi. Mpaka leo hajanijibu.

Bwana Nirmalya alipewa mwavuli, akaenda. Jioni nilimtolea Kajori miiba. Yeye alikula samaki na mimi nilimtazama akila. Amesema mwaka ujao tutakaa sote kitandani, mlango wazi, na atakayemtaja mhalifu kwanza ndiye mshindi. Nikasema sawa. Ni nani nimwogope? Torsha hajui hata mwezi unatokea upande gani.

Ila sasa, Shangazi, jana mvua ilipopumzika alinifuata darini nilipokuwa kwenye mrehani wako. Akaniuliza nilijuaje. Nikamwambia, kwa shangazi yetu. Akasema kwao hakuwahi kuwa na wa kumfundisha, mama yake alikuwa akienda kazini na bibi alifariki mapema, na kwamba alipokuwa anasomewa pale kitandani aliona vizuri kuwa kila mtu nyumba hii anajua kitu ambacho yeye hajui, na usiku alikuwa akimuuliza Shomik maswali mpaka Shomik analala. Kisha akaomba anwani yako, akuandikie.

Nilimwambia nitaitafuta. Anwani yako naijua kama jina langu. Nimekaa nayo kwenye ulimi tangu jana.

Leo asubuhi nimemwandikia kwenye kipande cha karatasi na kukiweka chini ya kikombe chake. Kwa hiyo ataandika, na kwa herufi nzuri kuliko zangu. Utampenda. Kila mtu anampenda. Nakuomba jambo moja tu, na kwa hili ndiyo nimeimaliza barua badala ya kuichana. Mjibu, mfundishe, usimnyime, hana kaka wala bibi. Lakini mwanzie na mwezi mwandamo, na umwache hapo kwa muda. Mwezi mpevu niachie mimi.

Nisalimie Debu na mkewe Shefali, na yule mjukuu wako asiyetaka kuvaa viatu. Shomik anakushika miguu. Kajori pia, naye anasema atakuletea toleo la Puja mwenyewe, ila usimsikilize, hupanga safari kama anavyopanga vifo. Wape salamu majirani zako waliotutumia maembe ya kukausha. Mungu aliyekurudishia jicho akurudishie na magoti, uje sikukuu hii ukae darini kwako.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye bila kugawana na mtu,

Mandira